NAMBA NA MAJINA KATIKA KAZI ZA TAKWIMU

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaojaza madodoso huenda wamejiuliza kwa nini majibu huandikwa kwa namba badala ya maneno. Sababu ni kwamba namba ni fupi na haina tofauti ya tahajia. Karani mmoja akiandika "Mjini Magharibi" na mwenzake "Mjini/Magharibi", kompyuta itahesabu mikoa miwili.

Katika takwimu za sensa, mikoa ya Zanzibar ina namba hizi: 51 Kaskazini Unguja, 52 Kusini Unguja, 53 Mjini Magharibi, 54 Kaskazini Pemba na 55 Kusini Pemba.

Ieleweke kuwa namba hizi ni vitambulisho, si vipimo. Wastani wa 51 na 55 ni 53, lakini wastani huo hauna maana yoyote. Kwa hiyo, kabla ya kutayarisha jedwali, kompyuta haina budi kuelezwa kuwa kila namba inasimama badala ya jina.

Katika programu za SPSS na Stata, namba hubaki palepale na jina hubandikwa juu yake. Programu ya R hugeuza namba kuwa makundi na kuyahesabu upya kuanzia 1. Anayetaka kurudi kwenye namba kwa njia ya mkato hupata 3 pale alipotarajia 53.

Hatari kubwa zaidi ni kutoa majina bila ya kutaja namba zake. Tuchukue mfano wa faili lisilo na mtu yeyote wa mkoa wa 52, lakini lenye namba 99 kwa wale ambao mkoa wao haukujulikana. Namba zilizomo bado ni tano. R ikipewa majina matano matupu, itazigawia namba hizo majina kwa zamu, kuanzia ndogo hadi kubwa, bila ya kutoa onyo. Watu wa Mjini Magharibi wataitwa wa Kusini Unguja, na wasiojulikana watakuwa wakazi wa Kusini Pemba.

Kosa hilo si dogo. Katika Sensa ya mwaka 2022, Mjini Magharibi ilikuwa na watu 893,169 na Kusini Unguja 195,873. Majina yakihama, mgao wa dawa, walimu na madawati ya skuli nao utahama.

Kwa hiyo watayarishaji wa takwimu wanashauriwa:

(a) Kuandika kila namba pamoja na jina lake, ikiwemo namba ya wasiojulikana.

(b) Kuhifadhi safu ya namba za asili na kuweka majina katika safu mpya.

(c) Kulinganisha hesabu ya kila kundi kabla na baada ya kugeuza. Namba isiyotajwa katika orodha huachwa tupu na R, na mtu wake hutoweka katika jedwali.

Msomaji naye ana haki ya kuuliza orodha ya namba na majina yaliyotumika.