Msitu wa Arabuko-Sokoke Machoni pa Mkulima

Mkulima anayepakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke akiulizwa msitu unamfaidi nini, jibu la kwanza mara nyingi huwa mvua. Jibu hilo lina ukweli wake, ila linahitaji ufafanuzi. Masika huletwa na pepo za Bahari Hindi, msitu uwepo usiwepo. Kazi ya miti ni kurudisha unyevu hewani, kukata makali ya upepo na kuyapa maji nafasi ya kuzama ardhini badala ya kukimbia na udongo. Shamba lililo nyuma ya miti halikauki upesi mvua inapokatika.

Faida nyingine haionekani kwa urahisi. Nyuki wanaoishi msituni hutoka kutafuta maua, na mikorosho na miembe ya jirani huchavushwa bila mwenye shamba kulipa hata shilingi.

Msitu huu wa takriban kilomita mraba 420 ndio mkubwa zaidi kati ya misitu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi walitaka sehemu yake ikatwe wapewe mashamba. Na si ajabu: bundi na ndege adimu waliowavutia wageni havikuwa chakula mezani. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ulileta hesabu nyingine. Wakulima hufuga viwavi kwa majani ya mimea ya msituni, kisha pupa huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mmea ukitoweka msituni, kipepeo wake naye hutoweka, na malipo pia.

Lakini faida hazilingani pande zote. Upande wa mashariki hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Kaskazini-magharibi hupata kama 600. Mkulima wa huko, aliyeamka akakuta ndovu wamemaliza mahindi, hawezi kuusifia msitu kama jirani wa Gede.

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa, ingawa malipo huchelewa. Anayepata hasara aripoti mara moja kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, na asifute nyayo wala kung'oa mabaki ya mimea kabla ya maofisa kufika kukagua. Wanaotaka kufuga nyuki au kuokota kuni kwa kibali waanzie kwa chama cha jamii cha uhifadhi wa misitu katika eneo lao, kinachotambuliwa na Sheria ya Misitu ya 2016.