Tunajua kuzikana, tujifunze kuishi pamoja

Kuna kisa cha katekista aliyewauliza watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza: “Waamini wa mtaa wetu hukutana wote lini?” Alitegemea kusikia “Jumapili.” Mtoto mmoja akanyoosha mkono akajibu: “Mtu akifa.” Darasa zima likacheka. Katekista hakucheka. Mtoto alikuwa amesema anachokiona.

Mpendwa msomaji, jichunguze kidogo. Mtu akifariki mtaani kwako, turubai linafungwa kabla ya jua kuzama. Viti vinatoka kanisani, sufuria kubwa zinatoka kwa akina mama wa jumuiya, daftari la michango linafunguliwa. Waliokuwa hawasalimiani wanakaa mkeka mmoja. Hilo ni jambo jema. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na atakayelidharau atakuwa amepotoka.

Lakini tega sikio chini ya turubai hilo. “Kumbe alikuwa na presha?” “Kumbe alikuwa anadaiwa kiasi hicho?” “Kumbe yeye na mdogo wake hawakuwa wakizungumza tangu mwaka juzi?” Kumbe ni neno la waliochelewa. Tunamfahamu jirani vizuri siku anaposomewa wasifu, siku ambayo hawezi tena kusikia wala kusahihisha.

Tuna vyama vya kufa na kuzikana. Je, tuna vyama vya kuishi na kufurahiana? Tunajua nani atanunua jeneza. Je, tunajua nani atamsindikiza jirani kwenda kupima kisukari? Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Sisi mara nyingine tunaruka kinga, tunaruka na tiba, tunakutana kwenye rambirambi.

Leo nakualika tutafakari juu ya tamasha la aina nyingine: siku ambayo mtaa au parokia inakutana, baba, mama, watoto, babu na bibi, kwa ajili ya afya ya mwili, utulivu wa moyo na kuishi kwa kujitambua. Mijini siku hizi yapo mabonanza ya afya, mbio za pole za Jumamosi asubuhi na upimaji wa bure viwanjani. Baadhi ya waamini wanayaona kuwa mambo ya dunia. “Sisi wa kanisani,” wanasema, “yetu ni sala.” Tuone kama Maandiko Matakatifu yanakubaliana nao.

Mungu aliwaamuru Waisraeli kufanya sherehe. Soma Kumbukumbu la Torati 16:13-15. Baada ya mavuno waliadhimisha Sikukuu ya Vibanda kwa siku 7, na amri yenyewe ilikuwa kufurahi. Tazama pia orodha ya waalikwa: mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mungu hakumwachia kila mtu achague wa kufurahi naye. Aliweka kwenye kadi ya mwaliko wale ambao kwa kawaida husahaulika. Kama yatima hayupo, sikukuu haijatimia.

Tena siku hizo hawakulala majumbani. Mambo ya Walawi 23:42-43 inaeleza kwamba walikaa katika vibanda vya matawi ili vizazi vyao vikumbuke jinsi Mungu alivyowakalisha wazee wao walipotoka Misri. Mwenye nyumba ya mawe na asiye na nyumba walilala chini ya majani yale yale. Huko ndiko kuishi kwa kujitambua: kukumbuka ulikotoka, kujua kwamba ulichonacho umepewa, na kumwona jirani bila ukuta katikati.

Yesu mwenyewe alikulia katika sikukuu za namna hiyo. Mwinjili Luka anasimulia kwamba wazazi wake walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka (Luka 2:41-52). Alipokuwa na miaka 12, alibaki hekaluni, nao wakasafiri mwendo wa siku moja wakidhani yumo katika msafara. Tunapenda kuzungumzia kupotea kwake. Tuuangalie na ule msafara. Ulikuwa msafara wa jamaa na marafiki ambao mzazi angeweza kuamini kwamba mtoto wake yu salama mikononi mwao kutwa nzima. Ndugu yangu, wewe mwanao ungemwamini kwa nani mtaani kwako kuanzia asubuhi hadi jioni? Kama jibu linakuwia gumu, basi kitu fulani kimeugua, na si mwili peke yake.

Historia ya Kanisa nayo ina mfano. Mtakatifu Filipo Neri (1515-1595) aliishi Roma wakati ambapo siku za kabla ya Kwaresima zilijaa karamu za ulevi na fujo. Angeweza kusimama mimbarani na kukemea tu. Yeye aliwachukua watu kwa miguu kuyatembelea makanisa 7 makuu ya mji ule, mwendo wa zaidi ya kilomita 20. Njiani walisali na kuimba. Katikati ya safari walipumzika bustanini, wakala mkate, jibini na mayai, wakasikiliza muziki. Matajiri na mafukara walikaa kwenye nyasi zile zile. Walianza wachache, baadaye wakawa maelfu. Filipo alifahamu kwamba furaha mbaya haiondolewi kwa kununa. Huondolewa kwa furaha iliyo njema zaidi.

Usidhani hayo ni ya Roma tu. Hapa kwetu Tanzania, pale Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, wakati wa Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo hufanyika tamasha la Bulabo. Bulabo kwa Kisukuma ni maua, na maua hupamba maandamano ya Ekaristi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyeiunganisha sherehe hiyo na ngoma za Wasukuma katika miaka ya 1950. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, hushindana kucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Wapo wanaocheza bugobogobo kwa majembe, wapo wanaocheza na chatu. Bibi anakuwepo, mjukuu anakuwepo. Watu waliotoka mbele ya Ekaristi wanakwenda kucheza, wala hawaoni kwamba wamebadilisha dini njiani. Mungu aliyeumba goti la kupiga mbele yake ndiye aliyeumba goti la kuchezea ngoma.

Hapo tunafika kwenye mwili. Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19-20). Tukiona paa la kanisa linavuja, tunatangaza mchango Jumapili hiyo hiyo. Hekalu hili jingine likivuja tunasema “ni uchovu tu.” Shirika la Afya Duniani, ambalo katiba yake ilianza kutumika 7 Aprili 1948, linaieleza afya kuwa ni hali njema ya mwili, ya akili na ya mahusiano, si kutokuwa na ugonjwa tu. Linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Gawa kwa siku 5, utapata dakika 30, muda wa kutembea kwenda Misa na kurudi kwa wengi wetu kama tusingepanda bodaboda. Linashauri pia chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyokwisha kutiwa jikoni. Na presha ikipimwa siku mbalimbali ikabaki 140 juu ya 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda, hata kama mwenye nayo anajisikia mzima kabisa. Ugonjwa huu haupigi hodi. Kipimo chake huchukua dakika chache, na unaweza kukifanya chini ya mwembe wa parokia.

Vipi kuhusu moyo uliochoka? Nabii Elia alifika mahali akaomba afe. Alikaa chini ya mti jangwani akasema yatosha (1 Wafalme 19:4-8). Malaika aliyetumwa kwake hakuanza na lawama, wala hakumwambia imani yake ni haba. Alimwamsha, akampa mkate na maji. Elia akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Baada ya hapo ndipo safari ya kwenda mlima wa Mungu ikaendelea. Kuna akina baba wengi chini ya mti wa Elia. Wameambiwa mwanaume halii, kwa hiyo wanakunywa. Kuna akina mama wanaoimba kwaya kwa sauti nzuri na usiku hawapati usingizi. Siku ya familia inaweza kuwa mkate na maji ya watu hawa, mahali pa mtu kusema “mimi si mzima” na asichekwe.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba Jumapili imekusudiwa kuponya mahusiano yetu na Mungu, na nafsi zetu, na wenzetu na ulimwengu. Mahusiano hayo manne ni kipimo kizuri cha tamasha lolote. Ukitoka hapo umempenda Mungu zaidi, umejifahamu zaidi, umepatana na mtu na umeacha uwanja ukiwa safi, tamasha lilikuwa jema.

Lakini tuwe macho, maana kila kizuri kina kivuli chake. Hatari ya kwanza ni biashara. Tamasha likianza na kiingilio na kuishia na mnada, maskini atabaki nyumbani. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikutana, huyu akashiba na kulewa, yule akakaa na njaa (1 Wakorintho 11:20-22). Wapo pia wauzaji wa dawa za kutibu kila kitu na wauzaji wa amani ya moyo kwa malipo. Uwanja wa parokia usiwe soko lao. Upimaji ufanywe na wataalamu wa afya wanaotambulika.

Hatari ya pili ni familia ya jina. Baba yuko kwenye meza ya vinywaji, mama yuko jikoni tangu alfajiri, watoto wako kwenye simu. Hao wamekuja pamoja lakini hawajakutana. Mama naye ana haki ya kukaa kivulini. Akina baba wa parokia wakipika siku moja, hakuna fundisho la Kanisa litakalovunjika.

Hatari ya tatu ni kubwa zaidi: kiburi cha afya. Tukisifu mno wenye miili imara, mgonjwa wa saratani ataona siku hiyo si yake. Mtoto asiyeweza kutembea atafungiwa ndani ili wengine wakakimbie. Ndugu msomaji, Yesu mfufuka alimwonyesha Tomaso makovu yake (Yohane 20:27). Alikuwa na uzima usiokufa tena, na makovu alikuwa nayo. Uzima wa Kikristo hauna maana ya kutojeruhiwa. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu hakufika kwa Yesu kwa mbio zake. Alibebwa na watu wanne, wakatoboa paa (Marko 2:1-12). Kabla hujauliza nani atashinda mbio, uliza nani atabebwa na wabebaji ni akina nani.

Basi tuanze wapi? Jumuiya Ndogo Ndogo inatosha. Chagueni siku moja. Kuna Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee iliyowekwa na Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021, Jumapili ya nne ya Julai. Anzeni na Misa. Tembeeni pamoja, kwa mwendo wa mzee aliye polepole kuliko wote. Ombeni zahanati ya jirani ije kupima presha na kisukari, na padre akae pembeni kwa ajili ya kitubio, maana mwili na roho vinaweza kuhudumiwa kiwanja kimoja. Watoto wafundishwe michezo ya bibi zao. Kila nyumba ilete chakula, kiwekwe meza moja, ili asiye na cha kuleta asijulikane. Nehemia aliwaagiza watu wale, wanywe, na wampelekee sehemu yake yule asiyeandaliwa kitu (Nehemia 8:10). Kwa hiyo kabla hamjafungua sufuria, watumeni vijana na sahani kwa wale walioshindwa kutoka kitandani.

Jambo la mwisho, nalo ni gumu kuliko mazoezi: mtafute yule usiyesalimiana naye. Mketi naye. Mkishindwa kuzungumza, mle pamoja. Usingoje turubai lije kuwakalisha mkeka mmoja, kwa sababu siku hiyo mmoja wenu hatakaa.

Jumapili hii, ukitoka kanisani, usikimbilie bodaboda. Mwulize mwenyekiti wa jumuiya yako tarehe. Daftari la michango ya siku hiyo lifunguliwe mapema, wakati wote waliomo ndani yake bado wanaweza kuitika majina yao.