Programu zang'arisha picha kuukuu bila mafunzo mapya, ila hubuni sura

PICHA ya babu iliyofifia sandukuni yaweza sasa kurejeshewa nuru kwa dakika chache na mpiga picha wa Busia au Malaba mwenye tarakilishi na intaneti.

Hata matokeo ya kwanza yakiwa mabaya, si lazima programu anayoitumia ifunzwe upya. Lakini uwezo huo una kikomo, na katika miji hii ya mpakani kutokijua kwaweza kumponza mtu.

Programu hizi hupokea picha moja na kutoa nyingine. Hufunzwa kwa kuonyeshwa mamilioni ya picha zilizotiwa chenga, mfano wa zile za televisheni iliyokosa mawimbi, hadi zijue kuziondoa.

Mafunzo hayo ni ghali mno. Toleo la kwanza la Stable Diffusion, lililotolewa kwa umma Agosti 2022, lilihitaji takriban saa 150,000 za kazi ya vichakataji. Kichakataji kimoja kingefanya kazi hiyo usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 17.

Ndiyo sababu watafiti wamebuni mbinu za kuboresha matokeo bila kuigusa elimu ambayo programu imekwisha kuipata.

Mbinu ya kwanza, iliyoelezwa mnamo 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao, ni kupima kiasi cha chenga. Picha ya babu hutiwa chenga kwa makusudi, kisha programu huzisafisha. Zikiwa chache mno, sura hubaki ileile lakini na madoa husalia. Zikizidi, madoa hutoweka, na sura ya babu hutoweka nayo. Fundi hutafuta kadiri, kama mpishi apimavyo chumvi.

Mbinu ya pili yahusu maelezo ya maneno anayoyaandika fundi. Programu hukisia mara mbili, kwa kuyafuata maelezo na bila kuyafuata, kisha tofauti ya makisio hayo hukuzwa. Ikikuzwa kupita kiasi, rangi hukoza na ngozi hung'aa kama plastiki.

Ya tatu, iitwayo FreeU, ilitolewa mnamo 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore. Ndani ya programu mna mkondo mkuu unaosafisha picha na njia za mkato zinazopitisha mambo madogo madogo. FreeU husawazisha nguvu zake kwa kubadilisha nambari chache tu.

Hata hivyo, hakuna mbinu inayoipa programu habari za babu mwenyewe. Jicho lililofutika halirudishwi, bali hubuniwa jingine linalofanana na yale ambayo programu iliyaona mafunzoni.

Kwa picha ya kutundika ukutani, hilo si neno. Kwa picha ya hati ya kusafiria, ni hatari. Katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, afisa hulinganisha uso ulio mbele yake na ule ulio kwenye hati. Picha "iliyorembwa" yaweza kuwa na pua au taya isiyo ya mwenyewe, na msafiri halali akashukiwa kuwa mlaghai.

Yafaa basi picha asilia ihifadhiwe, fundi aulizwe alichobadilisha, na picha ya hati ipigwe upya badala ya kurembwa.