Waokotaji wa Utumboni

Msomaji mmoja wa Tanga ananiuliza kuhusu mama yake mdogo, anayetibiwa saratani ya utumbo mpana. Kila akishatundikiwa dripu ya dawa, siku chache baadaye anaharisha mpaka miguu inakosa nguvu. Jirani amewashauri wakanunue vidonge vya "bakteria wazuri" duka la dawa. Je, vinafaa? Na mgonjwa ale nini?

Habari za bakteria ni nini, na kwamba wamejaa matumboni mwetu kwa matrilioni, nazipita. Mmeshazisoma mara nyingi. Swali hili lina utamu mwingine. Kama dripu hiyo ina irinotekani, dawa inayotumika sana kwa saratani hiyo, basi dawa haimharishi mgonjwa peke yake. Inao wasaidizi.

Irinotekani inaingia mwilini ikiwa imelala. Vimeng'enya vyetu, hasa vya ini, huiamsha ikawa sumu kali iitwayo SN-38, ambayo hukwamisha ulegezaji wa msokoto wa DNA pale seli inapojiandaa kugawanyika. Seli za saratani hazina subira ya kugawanyika, kwa hiyo ndizo zinazoumia. Tatizo ni kwamba seli za ukuta wa utumbo nazo hazina subira. Hapo ini hufanya kazi ya kistaarabu kabisa: huibandika SN-38 molekuli ya asidi ya glukuroniki, ndugu wa karibu wa sukari ya glukosi. Ikishabandikwa, sumu imefungwa. Inamwagwa pamoja na nyongo hadi utumboni, itoke na choo.

Sasa chukua mtaa wowote wa Dar es Salaam. Mwenye nyumba ana unga wa dawa ya mchwa uliokwisha muda. Anautia kwenye kiroba imara, anafunga mdomo kwa kamba, anakiweka kando ya barabara kisubiri gari la taka. Lililo lake kalitimiza. Alfajiri anapita mwokotaji. Ule unga hana haja nao. Anachotaka ni kiroba, maana wauza mkaa watakinunua. Anafungua kamba, anakung'uta sumu palepale wanapochezea watoto, anakunja kiroba chake na kushika njia. Hana ugomvi na mtu. Gari la taka likija, la kuzoa halipo, limeshatapakaa.

Bakteria wa utumboni hufanya hivyohivyo. Wengi wao, akiwemo *Escherichia coli*, wana kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi, kazi yake kuikata ile sukari ili wapate riziki. Wakishaikata, SN-38 inabaki uchi, imegusana na ukuta wa utumbo. Hii ni sababu mojawapo ya mgonjwa kuharisha siku kadhaa baada ya dripu: sumu ilishafungwa na kuagwa, ikafunguliwa mlangoni.

Tuwaue kwa antibayotiki? Wapo humo pia wanaolisha ukuta huohuo wa utumbo. Mwaka 2010 Matthew Redinbo na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walionyesha njia ya ujanja zaidi katika jarida la *Science*. Walipata kemikali zinazokwamisha kimeng'enya hicho bila kumuua bakteria mwenyewe, na panya waliopewa irinotekani wakakingwa na kuharisha. Ninachokipenda hapa ni kwamba hata sisi binadamu tuna beta-glukuronidasi yetu, ila ya bakteria ina kikunjo cha ziada ambacho yetu haina. Kemikali hizo hushika hapohapo, ya kwetu isiguswe.

Chakula nacho kinahusika. Tangu miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba watu wakila nyama nyingi, kimeng'enya hiki huongezeka katika kinyesi chao. Na mwaka 2021 watafiti wa MD Anderson, Houston, na wenzao waliwachambua wagonjwa 128 wa melanoma, saratani ya ngozi, waliokuwa wakipewa dawa za kuamsha kinga. Waliokula nyuzinyuzi gramu 20 au zaidi kwa siku walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele. Kila gramu 5 za ziada ziliendana na hatari pungufu kwa asilimia 30. (Vitabu vya lishe husema "makapi-mlo". Sikubali: kapi ni la kutupwa, na hili ndilo linalolisha.) Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10.

Na vidonge? Katika utafiti huohuo havikuonekana kuwasaidia wagonjwa, na panya wenye melanoma waliolishwa bakteria hao waliitikia dawa vibaya zaidi. Ni saratani tofauti na dawa tofauti, sawa, lakini fedha ya vidonge mimi ningenunulia matunda.

Kwa hiyo mama mdogo, siku ambazo tumbo limetulia, ale dona, maharage na mchicha ulioiva vizuri. Maziwa yasiyochemshwa, pamoja na mgando wake, ayaache, maana dawa hizi hushusha seli nyeupe za damu. Tumbo likianza kuchafuka, maharage yakae pembeni. Anywe uji mwepesi na maji ya ORS, na hospitali ipigiwe simu siku hiyohiyo, si kungoja tarehe ya kliniki.