Kushuka Wazo kwa baiskeli: mbinu hufundishwa, haziji zenyewe

Kilima cha Wazo, kaskazini mwa Dar es Salaam, wengi wanakijua kwa saruji. Kiwanda kilianza kuizalisha mwaka 1966, kikifuata mawe ya chokaa yaliyomo humo kilimani. Kwa mwendesha baiskeli mwinuko huo una habari nyingine: njia za vumbi na kokoto zinazoshuka kuelekea Tegeta, makorongo yanayochimbwa na mvua za masika, na mwisho wa mteremko barabara yenye malori. Anayeshindwa kusimama pale chini hapati nafasi ya kujaribu tena.

Swali tunalopenda kulijibu leo ni hili: je, kushuka vizuri ni kipaji, au ni jambo la kufundishwa?

Wengi wetu tulijifunza baiskeli utotoni kwenye baiskeli ya mtu mzima, mguu mmoja umepenyezwa chini ya bomba kwa kuwa kiti hatukifikii. Siku tulipoacha kuanguka, somo likaisha. Hakuna aliyetufundisha namna ya kukamata breki, kukata kona kwenye mchanga wala kusimama juu ya pedali. Tunanunua baiskeli ya gia yenye matairi manene, tunadhani matairi yatatufanyia kazi hiyo.

Tuanze na breki, maana hapo ndipo watu wanaumia. Baiskeli nyingi za mitumba zinazouzwa mjini zimetoka nchi mbalimbali, na nchi hizo hazifungi breki kwa namna moja. Zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani au Uingereza, kwa kawaida breki ya mkono wa kulia hukamata gurudumu la mbele. Zilizotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani, mkono wa kulia hukamata la nyuma. Mtu aliyezoea moja akapanda nyingine, akashtuka mteremkoni, mkono wake utafanya kile ulichozoea. Kwa hiyo kabla hujapanda baiskeli usiyoijua, isukume taratibu, kamata breki moja moja, uone ni gurudumu lipi linasimama.

Mtaani kuna imani kwamba breki ya mbele ni ya hatari na isiguswe. Si kweli. Unapopunguza mwendo, uzito wako wote husogea mbele, gurudumu la mbele likabana chini na la nyuma likawa jepesi. Ndiyo maana ya nyuma peke yake huishia kuburuza tairi huku baiskeli ikiendelea kwenda. Hatari ni kuibana ya mbele ghafla, hasa ukiwa umeshaanza kukata kona juu ya kokoto. Ikamate kwa kidole kimoja au viwili, ukiongeza nguvu kidogo kidogo pamoja na ya nyuma, na upunguze mwendo kabla ya kona. Kumbuka pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Anayeshuka kwa kilomita 30 kwa saa anahitaji nafasi mara nne ya yule wa kilomita 15.

La pili ni mwili. Mteremkoni usikae kitini. Simama juu ya pedali zikiwa sambamba na ardhi, magoti na viwiko vimekunjwa, nyonga zimerudi nyuma kidogo. Hapo baiskeli inaweza kurukaruka chini yako bila kukurusha. Macho yatazame njia unayotaka kupita, mita kadhaa mbele. Anayelikodolea macho shimo huingia shimoni, jambo ambalo kila aliyewahi kuendesha Dar analijua.

Kupanda ni rahisi zaidi kueleza: badilisha gia kabla kilima hakijaanza, kaa kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua. Ukisimama kwenye mchanga, gurudumu la nyuma linazunguka bure.

Sasa, kwa nini mwalimu? Kwa sababu mwendeshaji hajioni. Anaapa kwamba amekunja viwiko, kumbe mikono imenyooka kama ufagio. Mwenzake akimrekodi kwa simu, ubishi unaisha. Mwalimu mzuri pia hakupeleki mlimani siku ya kwanza. Anakuweka kwenye uwanja wa mpira, anapanga chupa za maji, unakamata breki kwenye mstari uleule mara ishirini. Inachosha, lakini ndivyo mkono unavyozoea.

Mfano ulio karibu nasi uko Kenya. Huko Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah amelea vijana wengi kupitia kundi lake la Safari Simbaz, akiwafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli pia. Mmoja wa waliopita kwake akiwa mtoto ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016 alishinda hatua moja ya mbio hizo kwa kuwaacha wenzake kwenye mteremko, si kwenye mpando. (Alikaa juu ya bomba la baiskeli huku akikanyaga pedali. Mkao huo umepigwa marufuku mashindanoni tangu 2021, na hapa Wazo tunaupiga marufuku sisi wenyewe.)

Huhitaji kwenda Kikuyu. Wenzako wawili, uwanja na simu moja vinatosha kuanza. Kofia ngumu ivaliwe hata uwanjani. Kabla ya kwenda kilimani, fundi aangalie raba za breki na waya zake, na upepo upunguzwe kidogo: tairi nene lililojazwa hadi likawa gumu kama jiwe hudunda juu ya kokoto badala ya kushika. Na mteremko usioujua, hasa baada ya mvua, ushuke kwanza kwa miguu ukiikokota baiskeli. Korongo la wiki iliyopita huenda limehamia upande wa pili wa njia.