Nani Hasa Anakuajiri Japani?

Anayejiandaa kwenda Japani kufundisha Kiingereza huuliza kwanza habari za baridi, chakula na bei ya tiketi. Si maswali mabaya, ila yote yako nyuma ya swali moja ambalo wengi hawaliulizi mpaka wawe wameshatua: nani hasa anakuajiri? Viza utakayopata, nyumba utakayolala, bima, likizo, hata haki ya mwalimu mwenzako kukuambia mfungue ukurasa fulani, vyote vinafuata jina lililoandikwa chini ya mkataba.

Milango mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni JET, mpango wa serikali ya Japani ulioanza mwaka 1987. Anayepita hapa kwa kawaida huajiriwa moja kwa moja na bodi ya elimu ya mji au mkoa, akiwa mwalimu msaidizi wa lugha, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa hadi kufikia miaka mitano. Nauli ya kwenda hulipwa. Mshahara wa mwaka wa kwanza, ambao kwa miaka mingi ulisimama kwenye yeni 3,360,000, ulipandishwa mwaka 2025 hadi takriban yeni 4,020,000. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizowahi kushiriki, lakini orodha hubadilika, kwa hiyo muulize ofisa wa ubalozi wa Japani, si wakala wa mtaani.

Mlango wa pili ni kampuni binafsi zinazopeleka walimu mashuleni. Hapa bodi ya elimu hailipi mshahara wako; inailipa kampuni, nayo kampuni inakulipa wewe baada ya kukata chake. Baadhi ya kampuni hizi hufanya kazi kwa mkataba wa kutoa huduma, na chini ya mkataba wa namna hiyo sheria haimruhusu mwalimu wa Kijapani kukupa maelekezo ya kazi moja kwa moja. Mko darasa moja, mbele ya watoto walewale, lakini maelekezo yanatakiwa yapitie ofisini kwa kampuni. Ajabu hiyo inatosha kueleza kwa nini walimu wengine hulalamika kwamba wamegeuzwa kinasa sauti.

Soma pia saa za kazi. Mkataba wa saa 29.5 kwa wiki si bahati mbaya ya mpiga chapa. Mfanyakazi alikuwa anaingia katika bima ya afya na pensheni ya waajiriwa akifikisha robo tatu ya saa za mfanyakazi kamili, yaani saa 30 kati ya 40, na ile nusu saa iliyopunguzwa ilikuwa inamwokolea mwajiri mchango wake. Tangu Oktoba 2024 waajiri wenye wafanyakazi 51 na kuendelea wanapaswa kuwaandikisha hata wa saa 20, wakitimiza masharti mengine. Uliza kwa maandishi kama utaandikishwa. Uliza pia kama mshahara wa Agosti, Desemba na Machi, miezi ya likizo za shule, unakuja mzima au umemegwa.

Mlango wa tatu ni shule binafsi za mazungumzo ya Kiingereza, zinazofundisha watu wazima jioni na watoto wikendi. Kazi si mbaya, na ndizo zinazoajiri mwaka mzima bila kungoja muhula. Lakini ni biashara. Mwaka 2007 Nova, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilianguka, na maelfu ya walimu wa kigeni wakabaki bila mishahara. Kwa baadhi yao hata nyumba waliyokaa ilikuwa imepangwa na mwajiri huyohuyo. Nyumba na kazi vikiwa mkononi mwa mtu mmoja, vyote viwili huondoka siku moja.

Sasa nifike kwenye jambo linalowahusu wasomi wa kwetu kuliko Mwingereza au Mmarekani, na ambalo matangazo ya kazi hulitaja kwa nusu sentensi. Kanuni za uhamiaji za Japani zinasema kwamba mtu anayeingia kwa hadhi ya ukaazi ya mwalimu wa mashuleni, akiwa msaidizi asiye na leseni ya ualimu ya Japani, na anataka kufundisha lugha ya kigeni, lazima awe amesoma kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Hazisemi kuijua lugha. Zinasema kusomeshwa kwayo.

Mchukue Mtanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali. Miaka saba ya kwanza alisoma kwa Kiswahili. Kiingereza kilianza kuwa lugha ya kufundishia kidato cha kwanza: miaka minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya shahada. Jumla tisa. Anaweza kuwa anaandika Kiingereza kuliko ofisa atakayesoma faili lake, na bado hesabu ikamkataa. Jirani yake aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza anavuka bila taabu. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 naye ana nafuu: Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la nne, na ukijumlisha madarasa matano, miaka minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu unapata 13.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya maandalizi ni kurudi kwenye shule ulizosoma. Omba barua yenye muhuri kutoka kwa mwalimu mkuu ikieleza ulisoma pale miaka gani na kwa lugha ipi. Fanya hivyo mapema, maana makabrasha ya shule zetu huliwa na mchwa na walimu wakuu huhamishwa. Asiyefikisha miaka 12 asikate tamaa papo hapo: shule binafsi za mazungumzo hutumia hadhi nyingine ya ukaazi, ya wataalamu wa fani za jamii na huduma za kimataifa, ambayo kwa mwenye shahada ya chuo kikuu haina sharti hilo. Tatizo lake ni kwamba hadhi hiyo haikuruhusu kuhamia shule ya serikali upendavyo. Ukibadili aina ya mwajiri, unabadili hadhi, na ile hesabu ya miaka inakurudia.

Karatasi zenyewe zina mpangilio wake. Mwajiri aliye Japani ndiye anayekuombea uhamiaji hati ya kustahiki ukaazi. Tangu 2023 hati hiyo inaweza kutumwa hata kwa barua pepe, na ikitoka huishi miezi mitatu. Ndani ya muda huo upate viza ubalozini na uwe umeingia nchini. Anayekuambia uingie kwa viza ya utalii halafu mtarekebisha mbele anakuweka wewe hatarini, si yeye. Jina lililo kwenye pasipoti lilingane na lililo kwenye shahada, herufi kwa herufi. Kama moja lina jina la babu na jingine halina, kapige kiapo kwa wakili ukiwa bado nyumbani.

Kalenda nayo haisamehe. Mwaka wa shule Japani huanza Aprili na kuisha Machi. Maombi ya JET hupokelewa majira yao ya vuli, usaili hufanyika Januari au Februari, na wengi huondoka mwishoni mwa Julai au Agosti, katikati ya mwaka wa masomo. Kampuni binafsi hujaza nafasi nyingi kwa ajili ya Aprili. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hati haijatoka.

Fedha za mwanzo ndizo huwaumiza watu. Mshahara wa kwanza unaweza kufika mwishoni mwa mwezi wa pili, na hapo katikati kuna nyumba. Kupanga chumba Japani kuna dhamana, kuna ada ya dalali, kuna malipo kwa kampuni inayokudhamini, na mara nyingi kuna *reikin*, zawadi kwa mwenye nyumba isiyorudi kamwe. Ukijumlisha na kodi ya mwezi wa kwanza unaweza kufikia kodi ya miezi minne au mitano kwa mkupuo. Ndiyo maana nyumba iliyoandaliwa na bodi ya elimu ni sehemu ya mshahara, hata isipoandikwa hivyo. Hata ukipewa nyumba, laki mbili hadi tatu za yeni mfukoni ni kiasi cha busara.

Halafu kuna mtego wa mwaka wa pili. Kodi ya mkazi, inayolipwa kwa mji unaoishi, hukokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita na huanza kukatwa Juni. Mwaka wa kwanza huioni kabisa, unajizoesha kutuma nyumbani kiasi fulani, kisha Juni mshahara unapungua kwa takriban asilimia kumi ya kipato kinachotozwa kodi, na ndugu wanadhani umebadilika tabia.

Wengi hujipanga kwa ajili ya Tokyo. Bodi za elimu ziko kila mahali, na nafasi nyingi ni za miji midogo ya Niigata, Shimane au Kagoshima, ambako basi linapita mara chache na shule zako ni tatu. Utahitaji gari. Hapa wa Afrika Mashariki tuna faida na hasara. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na magari yao tumeyazoea tangu utotoni. Lakini Japani inatambua tu leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Uganda imo. Kenya na Tanzania hazimo, kwa hiyo leseni ya kimataifa utakayoilipia nyumbani haitakusaidia barabarani kule. Itabidi ubadilishe leseni yako: tafsiri rasmi, uthibitisho kwamba ulikaa nchini kwako angalau miezi mitatu baada ya kuipata, kisha mtihani wa maandishi na wa vitendo. Tangu Oktoba 2025 mtihani wa maandishi una maswali 50 badala ya 10, na alama ya kufaulu ni asilimia 90. Anayesomea leseni wiki moja kabla ya safari ameshachelewa.

Darasani, jiandae kuwa wa pili. Mwalimu wa Kijapani ndiye mwenye darasa na mtaala. Wewe unaleta sauti, mchezo na macho ya nje. Tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, na wa tatu na wa nne wana vipindi vya mazoezi ya lugha, hivyo utakutana na watoto wadogo kuliko ulivyofikiri. Somo la kwanza ni la kujitambulisha, nalo utalirudia katika kila darasa la kila shule: chukua picha za kwenu zilizochapishwa, noti na sarafu, kanga moja ya kutundika. Ukisahihisha madaftari, jibu sahihi huzungushiwa duara. Alama ya vema tuliyoizoea sisi, kule huashiria kosa. Mtoto aliyepata kumi kwa kumi anaweza kurudi kwenye dawati akilia.

Mchana mnakula darasani chakula cha shule, kimoja kwa wote. Mwislamu aseme mapema, tena kwa maandishi, kwamba nguruwe na kiungo cha *mirin* chenye kilevi havimfai. Shule nyingi zitakuruhusu kubeba chakula chako, ila hazipendi kushtukizwa. Viatu vya ndani ni vya lazima, na mwenye mguu mkubwa avinunue kabla ya kuondoka. Mafuta na dawa za nywele zetu nazo zibebwe.

Dawa za hospitali ni habari nyingine. Dawa za kuandikiwa na daktari zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja zinahitaji kibali cha kuingiza kinachoombwa kabla ya safari, na baadhi ya dawa za mafua na kikohozi zenye pseudoefedrini au kodeini nyingi zimepigwa marufuku au kubanwa. Soma kasha kabla ya kulitia begini. Nyama iliyokaushwa na maembe ya shamba la mama vitaishia uwanja wa ndege.

Ukitua Narita au Haneda unakabidhiwa kadi ya ukaazi, na ndani ya siku 14 baada ya kupata makazi unaandikisha anwani ofisi ya mji. Siku hiyohiyo funga bahasha moja yenye nakala ya mkataba na namba ya pensheni. Ukiondoka Japani moja kwa moja baada ya kuchangia angalau miezi sita, unaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya michango, na ombi lazima lifike ndani ya miaka miwili. Namba hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.