Safari ya Mlimani Wakati wa Masika

Chama chetu cha Jiografia chataka kwenda tena Hifadhi ya Kilimanjaro katika likizo ya Aprili. Wengi wasema twende mpaka Horombo, mita 3,720. Mimi sikubali.

Aprili ni masika. Upepo wa baharini huja na mvuke. Ukikutana na mlima hupanda, hupoa, na mvua humwagika katika msitu wa kusini, hasa karibu na mita 2,200. Njia yetu ya Marangu yapita papo hapo. Tena kila mita 1,000 upandazo, joto hupungua kadiri ya digrii 6.

Mwaka jana nilivaa sweta ya pamba, nayo pamba ikilowa haina joto tena. Kufika saa sita meno yaligongana, na wenzangu kumi na mmoja wakarudishwa kwa ajili yangu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi safari hii tuishie Mandara, kadiri ya mita 2,700, tutazame shimo la Maundi, turudi. Kila mtu achukue sweta ya sufu, koti la mvua, na soksi kavu zilizofungwa katika kipande cha turubai. Asiye na koti aniambie kabla ya Ijumaa, ninayo mawili.